Ukuta wa kartoni

Mwezi huu hatutasema juu ya filme mupya. Tutasema juu ya michezo ya zamani ya televizio ya Uingereza, ile ya kuchekesha. Na yote ilianza na mwipwa wangu.

Mwipwa wangu iko na miaka 16. Kila mangaribi, kisha chakula, anaikaa ku mulango wa jikoni na telefone yake, kichwa chini kama mutu mwenye kutafuta sindano. Siku moja nikamusikia anacheka peke yake mpaka machozi. Akaniita: "Mujomba, kuya uone! Hawa wazungu beko na wazimu!"

Nikavaa miwani, nikaona. Uwanja wa tenisi. Upande moja, mwanaume mwenye kuvaa ile sketi ya Scotland yenye mistari. Upande wa pili, kitu kinene, laini, kirefu kupita mutu, kinatetemeka. Hakina macho, hakina kinywa. Ni tonge kubwa sana la chakula kitamu cha watoto, na linacheza tenisi, na linashinda.

"Walikosa feza ya kutengeneza munyama wa kweli?" mwipwa akauliza.

Nikamwambia: hapana, huyu munyama walimutengeneza mubaya kwa kusudi.

"Kwa kusudi?" Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekosa akili. "Nani anafanya kazi mubaya kwa kusudi, na bado wanamulipa?"

Lile ulizo ndilo lilinipa ukurasa wa mwezi huu.

Ili kuelewa kicheko chao, kwanza ujue kitu gani walikuwa wanacheka. Tarehe 23 Novemba 1963, televizio ya BBC ilianza kuonyesha kipindi chenye jina Doctor Who. Ni habari ya muzee mumoja asiye na jina lingine, Daktari tu, mwenye kutembea katika nyakati na katika sayari. Chombo chake cha kusafiria ni kisanduku cha buluu, kile cha polisi kilichosimama zamani kwenye barabara za London kwa kupigia telefone. Chombo cha fahari chenye moto na taa kingemaliza feza yote. Kisanduku hakikuomba kitu: mbao, rangi, na mulango.

Feza yenyewe ilikuwa kama paundi 2,300 kwa kila sehemu ya dakika 25. Na mu hizo paundi ilipaswa kutosha sayari mupya, majini, nguo, milima na nyota. Basi mafundi walifanya sawa vile mama anafanya siku ya 28 ya mwezi: wanaangalia nini iko mu nyumba. Katika mwezi wa Desemba ule mwaka wakatokea adui wa Daktari, wale wanaoitwa Dalek, waliochorwa na fundi mumoja jina lake Raymond Cusick. Uwaangalie vizuri: ni kama kopo kubwa la chumvi lenye vifundo. Mukono wao moja ni nini? Ni kile kikombe cha mupira chenye fimbo, cha kuzibulia lavabo. Ndani mwake mutu anaikaa juu ya kiti kidogo na kusukuma na miguu, na sauti inatoka kwa mutu mwingine, kando, mbele ya mikro. Na watoto wa Uingereza walijificha nyuma ya kanape kwa woga! Cusick mwenyewe alipewa zawadi ya paundi 100 tu, na Dalek wakajulikana dunia nzima.

Iliendelea vile miaka na miaka. Mwaka 1975 waliomba wadudu wakubwa wenye kula watu. Wakakamata ile plastiki yenye mapovu ya hewa, ile ya kufungia vyombo visivunjike, ile watoto wanapenda kupasua na vidole. Wakaipaka rangi ya majani, mutu akaingia ndani, akatambaa. Njo mududu.

Kisha kuna maneno ya kariere. Wasomaji wa Kolwezi na Likasi, hapa mutacheka. Kila mara Daktari alipofika ku sayari isiyojulikana, kule kwenye giza la mbingu, watu wa BBC walipanda gari, wakaenda kwenye kariere karibu na London, pale Betchworth, na wakapiga filme. Walifanya vile mwaka 1975, wakarudi 1976. Mwaka 1979 wakaenda Winspit, kariere ya zamani ya mawe kando ya bahari. Sababu ni rahisi: mule hakuna miti, hakuna nyumba, hakuna waya za umeme, udongo umefunuliwa kama mufupa. Mimi nilicheka sana nilipojua hii. Kwetu mutoto anaamuka asubuhi, anafungua dirisha, na yeye iko tayari ku sayari ingine, bila kulipa tiketi.

Mwaka 1971 waliingia hata katika shimo la udongo mweupe, ule wa kutengenezea sahani za kaure, kule Cornwall. Na hadithi ya mule, iliyoandikwa na Malcolm Hulke, ilikuwa hii: watu masikini wamehamia ku sayari mupya, wanalima mahindi ya shida. Sosiete kubwa ya kuchimba madini inafika, inataka madini yaliyo chini ya mashamba yao, na ili wakimbie inatuma masini usiku yenye kuvaa makucha ya uongo, watu wafikiri ni munyama. Ukuta ulikuwa wa kartoni, ndiyo. Lakini mutu wa hapa kwetu akiona ile hadithi, hataangalia ukuta.

Sasa tuingie ku kicheko.

Mule BBC, pamoja na hizo hadithi, kulikuwa michezo mifupi ya dakika tatu, tano, kumi, watu wawili watatu wanacheza jambo moja la kuchekesha na kuisha. Sisi tunaijua kazi ile. Wazazi wanakumbuka kundi la Mufwankolo kwenye televizio ya Lubumbashi: bwana, bibi, jirani, deni, na mutaa wote unacheka kwa sababu umejiona. Wangereza nao walifanya vile, na moja katika vitu walivyopenda kucheka ni kile kisanduku cha buluu na kuta zake.

Hawakungoja. Doctor Who ilianza tarehe 23 Novemba. Tarehe 31 Desemba ya mwaka uleule, Michael Bentine katika kipindi chake It's a Square World alionyesha mucheza filme Clive Dunn, amevaa kama ule Daktari muzee, na nyumba nzima ya BBC inarushwa mbinguni. Wiki tano na siku chache! Kipindi kilikuwa bado mutoto wa maziwa, na tayari ndugu zake wanamucheka.

Lile tonge la mwipwa wangu lilikuja mwaka 1969, tarehe 30 Novemba. Ni kazi ya wale vijana sita wenye kujiita Monty Python. Kwa kawaida walikata muchezo mumoja mbele haujaisha, wakaruka mu mwingine, na mutazamaji anabaki kinywa wazi. Siku ile walifuata hadithi moja kwa sehemu kubwa ya kipindi, na waliifuata na uso wa kazi, kama mambo makubwa. Chombo kinatoka mbali, ku sayari Skyron. Kinapita juu ya Uingereza na kupiga watu na nuru. Mutu aliyepigwa anageuka palepale Muskoti: sketi inatokea, ndevu zinatokea, na miguu inaanza kutembea kuelekea kaskazini. Uingereza inabaki bure. Mutaalamu wa siansi anawaza na kuwaza: kwa nini mutu wa mbinguni anataka Waskoti? Wakati ule fundi cherehani masikini wa Scotland anapata komande ya sketi milioni 48, na wenye kuomba ni yale matonge, yanayoitwa blancmange. Hiki ni chakula cha maziwa na unga wa mahindi, wanakigandisha mu sahani, ukikigusa kinatetemeka. Mwishoni mutaalamu anafahamu: Waskoti ni watu wasiojua hata kidogo kucheza tenisi, na blancmange wanataka kushinda mashindano ya Wimbledon. Ndiyo sababu yote! Wanageuza taifa nzima ili washinde tenisi. Na kule uwanjani, fundi cherehani anapigwa na tonge, mpaka bwana na bibi moja wanatoka kati ya watu, wanalikula tonge, na Muskoti anashinda.

Mwipwa alipenda pale pa kulikula. Mimi napenda yule mutaalamu wa siansi, namna anavyovuta pumuzi na kusema maneno makubwa mbele ya binti asiyefahamu kitu. Yeye ndiye kichekesho cha kweli. Katika filme za namna ile, kila mara kulikuwa mutu mwenye koti jeupe na binti wa kumuuliza "maana yake nini?", ili mutazamaji naye apate maelezo bila kulipa picha zingine. Maelezo haina bei. Picha ndiyo iko na bei. Katika miaka ya 1980 Victoria Wood, mwanamuke mwenye kuandika michezo yake mwenyewe, alichekea sehemu ileile: aliweka Jim Broadbent awe Daktari, amejaa maneno ya siansi yasiyo na kichwa wala mukia. Hakuhitaji munyama. Mudomo ulitosha.

Basi nikamujibu mwipwa ulizo lake. Wenye kucheka na wenye kuchekwa walikuwa watu wa nyumba moja. Kamera ni zilezile, studio ni zilezile, mafundi wa rangi ni walewale. Mutu aliyetengeneza ukuta wenye kutetemeka kwa bahati mbaya siku ya jumatano, anaweza kuombwa siku ya ijumaa kutengeneza ukuta wenye kutetemeka kwa kusudi. Na ule wa ijumaa ni mugumu zaidi, kwa kuwa unapaswa kutetemeka paka kwa saa yake, neno lingine lisipotee. Ndiyo maana wanamulipa.

"Ni kama sisi tunavyocheka velo ya baba," mwipwa akasema. Baba yake iko na velo inayosimamishwa na kamba na nati za kila namna. Sisi wa nyumbani tunaicheka kila siku. Siku jirani aliicheka, mwipwa huyuhuyu alitaka kumupiga.

Na hapo ndipo pagumu, wasomaji. Si michezo yote ilicheka velo ya baba.

Spike Milligan alikuwa mukubwa wa wachekeshaji. Hata Monty Python walisema walijifunza kwake. Mwaka 1975 katika kipindi chake alifanya muchezo wa Dalek mwenye kurudi nyumbani jioni kama mutu aliyetoka kazini, na ule Dalek alikuwa Mupakistani, na lugha ya wahamiaji wale, na chakula chao. Dalek anayepita mulango wa nyumba na kuvunja ukuta, mimi nacheka. Hilo ni kucheka Dalek. Lakini yale mengine? Katika miaka ile Wapakistani walipigwa kwenye barabara za Uingereza kwa sababu ya rangi yao. Milligan mwenyewe alizaliwa India. Nimeitazama mara mbili, na mara ya pili sikucheka. Kwenye watoto mimi siionyeshi.

Ile ya The Two Ronnies ya mwaka 1980, The Worm That Turned, nitapita upesi. Wanasema ni mwaka 2012, wanawake wanatawala Uingereza, wanaume wanavaa robe na kupewa majina ya kike, na saa kubwa ya London, Big Ben, inaitwa Big Brenda. Hiyo ya saa ni nzuri. Kisha inaendelea wiki baada ya wiki na kichekesho kimoja, mwanaume na robe, mwanaume na robe. Inachosha.

Muchezo nilitaka mwipwa auone ni wa Lenny Henry.

Kwanza mumujue. Amezaliwa mwaka 1958 Dudley, muji wa makaa na vyuma, wazazi wake walitoka Jamaica. Akiwa na miaka 16 alishinda mashindano ya televizio kwa kuiga sauti za watu. Na kazi gani walimupa kijana Mweusi mwenye kipaji vile? Walimutia katika kundi la The Black and White Minstrel Show, ambamo wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni na kuimba. BBC ilionyesha kitu kile kwa miaka 20, kutoka 1958 mpaka 1978. Mufikirie yule kijana: katikati ya watu waliojipaka, yeye peke yake asiyehitaji rangi. Kisha yeye mwenyewe alisema namna gani miaka ile ilimuumiza.

Alitoka mule, akajenga jina, na mwaka 1984 BBC ikamupa kipindi chenye jina lake. Ndani yake, mwezi wa Oktoba 1985, akacheza Doctor Who. Yeye ndiye Daktari. Na adui zake ni Cybermen, wale watu wa chuma wasio na moyo, na mukubwa wao anaitwa Thatchos. Hakuna aliyeuliza ni nani. Ilikuwa Margaret Thatcher, Waziri Mukuu wa wakati ule.

Ninyi wa kampi za wachimbaji, angalieni tarehe. Mwezi wa Machi 1984 wachimbaji wa makaa wa Uingereza waligoma, kwa kuwa serikali ilitaka kufunga mashimo 20, na kazi 20,000 zingepotea. Waligoma karibu mwaka muzima. Bibi zao walipika mu sufuria za jumuiya ili watoto wale. Tarehe 3 Machi 1985 sendika ilikubali kurudi kazini mikono mitupu, Thatcher alishinda, na mashimo yakafungwa moja kisha lingine. Sisemi kwamba ule muchezo ulikuwa juu ya wachimbaji. Ulikuwa wa kuchekesha tu. Lakini miezi saba kisha, mutu akiweka yule mama kichwani pa jeshi la watu wa chuma, kila nyumba ya Uingereza ilijua anasema nini. Ukuta wa kartoni unaruhusu maneno ambayo ukuta wa mawe hauruhusu.

Kitu kingine: mwaka ule Doctor Who yenyewe ilikuwa imesimamishwa. Wakubwa wa BBC waliiona imechakaa, na kutoka Machi 1985 mpaka Septemba 1986 haikutoka ku televizio hata sehemu moja mupya. Basi katika ule ukimya, Daktari aliyeonekana na watu alikuwa wa mufano, na alikuwa Mweusi.

Nikatafuta ile video, nikamupa mwipwa telefone yake. Lenny Henry akatokea tu, amevaa nguo za Daktari, na mwipwa akacheka.

Nikauliza: "Unacheka nini? Hajasema neno."

Akanyamaza kidogo. "Mujomba, kwa kuwa… ni Mweusi. Daktari wao ni muzungu. Njo kichekesho, haina?"

Sikumukemea. Alisema kweli: mwaka 1985 nusu ya kicheko ilikuwa pale. Watazamaji wa Uingereza nao walicheka mbele hajafungua kinywa. Lakini tujiulize pia, sisi wazazi, namna gani mutoto wa hapa, mwaka huu, aliyezaliwa miaka mingi kisha ule muchezo, anacheka mahali palepale.

Nikamuonyesha ingine. Tarehe 12 Machi 1999 BBC ilionyesha The Curse of Fatal Death, ya kukusanya feza za Comic Relief, shirika la kusaidia masikini ambalo Lenny Henry mwenyewe ni moja wa wale walioanzisha mwaka 1985 wakati wa njaa ya Ethiopia. Daktari wa siku ile alikuwa Rowan Atkinson, ambaye watoto wote wanamujua kama Mr Bean. Katika Doctor Who ya kweli, mucheza filme akichoka au akizeeka, Daktari "anakufa" na kugeuka mutu mwingine. Ni hila nzuri iliyofanya kipindi kidumu, walianza nayo mwaka 1966. Basi katika muchezo huu wanageuza na kugeuza: Atkinson anakuwa Richard E. Grant, anakuwa Jim Broadbent, anakuwa Hugh Grant, na mwishowe anakuwa mwanamuke, Joanna Lumley. Watu walicheka kabisa. Daktari mwanamuke!

Aliyeandika ule muchezo ni Steven Moffat. Mwaka 2010 yeye huyo akapewa kuongoza Doctor Who ya kweli. Na Desemba 2017, katika sehemu yake ya mwisho, Daktari aligeuka mwanamuke, Jodie Whittaker, na hapana mutu aliyepaswa kucheka.

Hata ile ya tenisi! Mwaka 2013 Andy Murray wa Scotland alishinda Wimbledon, mwanaume wa kwanza wa Uingereza tangu mwaka 1936, na mwaka 2016 akarudia. Hakukuwa na tonge uwanjani.

Kabla ya kurudi kwa mwipwa, niseme neno kwa wale wanaopenda vitu vya zamani. BBC haikutunza kazi yake. Kanda zilikuwa za bei, basi wakafuta na kuandika tena juu yake, na filme wakatupa. Sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960 zilipotea hivi. Lakini nakala zilikuwa zimeuzwa mu inchi za Afrika, hata kwa jirani yetu Zambia. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mutafutaji wa filme za kale, alikuta sehemu 9 zilizopotea. Wapi? Jos, Nigeria, mu nyumba ya televizio. Jos ni muji uliojengwa na bati, kama yetu ilivyojengwa na shaba. London ilitupa, muji wa wachimbaji ukatunza mu vumbi lake. Najua nyumba nyingi hapa zenye sanduku la kaseti chini ya kitanda. Mama, musitupe mbele ya kuangalia.

Sasa mwipwa. Alikuwa bado na telefone mukononi, na ule Lenny Henry wa 1985 amesimama pale na kinywa wazi. Nikamwambia: mwaka 2020, tarehe ya kwanza ya Januari, Lenny Henry aliingia Doctor Who ya kweli. Haikuwa kwa kuchekesha. Alicheza tajiri mubaya, mwenye masini za kupelelea watu. Miaka 34 alingoja. Na mwezi uleule wa Januari, mwanamuke Mweusi, Jo Martin, akaonekana kama Daktari. Kisha, Desemba 2023, Mweusi mwingine akakamata kile kisanduku kwa kazi ya kila siku, na akakaa nacho mpaka Mei 2025. Feza zilikuwa nyingi wakati ule, watu wa Disney waliongeza zao, na kuta hazikutetemeka tena.

"Nani?"

"Ncuti Gatwa."

"Ni jina la wapi?"

Nikamwambia atafute mwenyewe. Akaandika, vidole vyake vinakimbia. Nikaona uso wake unageuka. Najua, jina la inchi ile kwetu siku hizi mutu hasemi bila kukunja uso, na sababu tunazijua wote, kuna nyumba mu kampi yetu zenye ndugu waliokimbia kutoka mashariki. Akasoma polepole: amezaliwa Kigali mwaka 1992. Mwaka 1994 wazazi wake wakakimbia naye, wakafika Scotland.

"Alikuwa na miaka miwili," mwipwa akasema.

Nikasema ndiyo.

Akaangalia tena. "Scotland. Basi ni Muskoti." Na akaanza kucheka, lakini namna ingine, akarudisha ile video ya kwanza, ya sketi na tonge, akaniita nikae karibu tuione tena toka mwanzo.